Maneno Uliyombebesha Baba

Afande,

Mara mbili nimeanza barua hii kwa "Marehemu mpendwa" na mara mbili nimeichana. Mpendwa ulikuwa, siwezi kukataa, ulinilea. Lakini nina hasira na wewe na sina mahali pengine pa kuipeleka, maana wanao wamenikataza kukanyaga kaburini kwako. Basi utanisikia kutoka hapa hapa Nyamityobora, Mbarara, chumbani kwangu, nikiwa na cherehani yangu na mvua juu ya mabati.

Mtaani wanasema yule Mkongomani aliyeokotwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akalishwa, akasomeshwa, ndiye aliyemvua nguo marehemu mbele ya jeneza lake. Wanasema sina shukrani. Wengine wakiniona wanavuka barabara.

Unakumbuka nilivyofika kwako kwenye kambi ya jeshi? Nilikuwa msichana wa kupika, nimetoka Juru, kijiji chetu cha wakimbizi huko Nakivale, na nguo mbili, sijui hata neno moja la Runyankore, lugha yenu. Wewe ndiye uliyenifundisha, na kwa njia ya ajabu kweli. Kila jioni ulikaa na chai yako yenye sukari ambayo daktari alishakukataza, redio mezani, tukisikiliza matangazo ya vifo. Tangazo likiisha unapunguza sauti. "Sasa wewe, mtoto yangu, sema kwa Swahili." Siku moja nikasema marehemu alikuwa mtu mzuri, ukagonga meza mpaka chai ikamwagika. "Nani alisema muzuri? Redio hapana sema muzuri! Usiongeze, usitoe!" Mama, mkeo, alikuwa mlangoni akicheka. Nilitafsiri wafu wa Ankole nzima kabla sijaweza kununua nyanya sokoni kwa lugha yao.

Nilikupenda kwa hayo. Naandika hivyo ili nisije nikaambiwa nimeacha kitu.

Kisha ukastaafu jeshi, ukaingia siasa, ukashinda, na ukaileta Juru ile kampuni ya mikopo ya nyumba. Nakumbuka siku yenyewe kwa sababu nilikuwa nyuma yako nimeshika chupa yako ya maji. Wangeweza kukusikiliza kwa Kiswahili chako cha jeshi, lakini watu wa redio walikuwepo na wewe ulitaka kura za nyumbani pia, kwa hiyo ukahutubia kwa Runyankore. Ukamwita Baba, baba yangu mzazi, atafsiri. Alikuwa amejifunza lugha hiyo kwa kuwauzia Wanyankole maharagwe. Akapanda jukwaani na koti lake la Jumapili, shemasi mzima, amejaa furaha kwamba Afande wa binti yake amemchagua yeye.

Ulisema kampuni itajenga nyumba Mbarara, watu watalipa kidogo kidogo kila mwezi, na hati ya nyumba itakuwa na jina la mwenye nyumba hata kama ni mkimbizi. Baba akageuza kila sentensi. Halafu ukapiga kifua ukasema neno la mwisho, na Baba akalitoa kama lilivyokuwa: "Anasema hivi, shida ikikuya, musiende kwa mutu mwingine. Mumudai yeye mwenyewe."

Makofi yaliyopigwa! Watu waliokuwa wanaogopa ndipo walipotia sahihi. Waliuza mbuzi, pikipiki, mashine ya kusaga. Wanajeshi wa kambini nao wakaingia, kwa sababu Afande amesema. Baba na mama yangu walipata nyumba ya vyumba viwili hapa Nyamityobora, na Mama akapanda miti ya sombe, kisamvu chetu, kando ya mlango siku ile ile, kabla hata ya kuingiza kitanda. Wewe ulipenda sombe yake. Ulikuja ukala ukilegeza mkanda.

Hawakukosa kulipa hata mwezi mmoja, Afande. Hilo ndilo linalonichoma. Walifukuzwa wakiwa wanalipa. Kampuni ilikuwa imezichukua hati zote na kuziweka rehani kwenye benki kubwa, ikakopa juu yake, na ilipoanguka benki ikaja kuchukua chake. Polisi walisimama uani huku madalali wakitoa vitanda vya watu nje. Mama alikata vijiti vya sombe akavifunga kwenye kitenge, akarudi navyo Juru juu ya lori.

Hapo ndipo tulipoona waheshimiwa wanavyocheza mpira wa lawama. Kampuni ikasema ni benki. Benki ikasema ni kampuni. Wakubwa wakasema ni wananchi, hawasomi wanachotia sahihi. Na wewe, ulipoona Juru imechemka, ukaja na gari lako ukatuambia ni Marekani. Eti mabenki ya Marekani yameanguka kwa mikopo ya nyumba, kwa hiyo dunia nzima imetikisika. Watu waliokaa miaka wakingojea kupelekwa Marekani ukawaambia Marekani ndiyo iliyokula nyumba zao! Mama yangu akainuka na jembe mkononi. "Amerika? Ilipita ku fasi gani? Sisi hapa Juru hatukuiona."

Watu walicheka sana. Kicheko kile kilikuudhi, nilikuona shingo ikivimba. Mtu mmoja akapaza sauti, akasema wewe mwenyewe ulituambia tukudai. Nawe ukanyoosha fimbo yako ukamwonyesha Baba. "Mimi hapana sema hiyo maneno. Huyu mutafsiri ndiye alitia chumvi."

Huyu mtafsiri! Mtu uliyekula kwake! Baba hakuwahi kumbishia mkubwa maishani mwake, na alidhani utarudi kulirekebisha.

Hukurudi. Kanisa likamvua ushemasi. Akiketi kwenye benchi, benchi linabaki lake peke yake. Watoto wakampa jina, Papa Chumvi, wakimkimbilia nyuma ya baiskeli yake wakiliimba, na wazazi wao wakiwasikia hawawakatazi. Waliopoteza kila kitu walitaka mtu wa kumlaani, na wewe ulikuwa mbali ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Baba alikuwa karibu. Nilikuja kwako nikakuomba, nikalia sakafuni kwako, na ulichonijibu ni kwamba siasa iko hivyo na itapita.

Itapita kwa nani?

Sukari ilipokulaza hospitali nilikuja kila siku, unajua. Nilikuosha miguu nikiwa nimekuchukia, na nikaendelea kukuosha. Mchana mmoja mkeo alipotoka kununua dawa, ukanishika mkono. "Baba yako alisema vile mimi nilisema. Hakuongeza kitu." Nikakuuliza kuhusu hati, kama ulijua zimewekwa rehani wakati ulipokuwa unatuhimiza. Ukatazama dirishani. "Nilikuwa najua kidogo." Halafu ukaniahidi kwamba ukipona tutakwenda Juru, wewe na mimi, na utayasema hayo mbele ya watu wote.

Kidogo! Mtu anajuaje jambo kama hilo kidogo? Nyumba yako mwenyewe hukuiingiza kwenye ile kampuni, Afande. Hiyo ndiyo kidogo yako.

Lakini nilikuamini, nikaenda kumfulia Baba koti la kuvaa siku hiyo. Siku chache baadaye ukafa. Nililia mpaka nikapoteza sauti, na sijui hadi leo ni machozi mangapi yalikuwa ya kwako na mangapi ya yale maneno uliyoondoka nayo.

Sasa nikueleze mazishi yako, maana najua ulipenda habari za mazishi. Mahema yalijaa. Waheshimiwa wenzako walisema kwa zamu jinsi ulivyowapenda wakimbizi. Watu wa Juru walikuwa wameletwa kwa lori, na Baba alikaa nyuma kabisa peke yake kwenye nyasi. Mmoja wa wenzako akasema uliumizwa sana na watu waliokusingizia maneno. Nilimwona Baba akiinamisha kichwa. Kisha mchungaji akauliza lile swali wanalouliza daima: kama kuna yeyote ambaye marehemu alimkosea, je, amemsamehe? Aliuliza kwa Runyankore, na mkeo akanisukuma nichukue kipaza sauti niwatafsirie Wakongomani.

Nilitafsiri. Neno kwa neno. Na watu wa Juru, kwa mazoea tu, wakafungua midomo. Mama yangu mwenyewe alishaanza, "Tumemusamehe..." Nikasema, "Ngojeni. Kuna tangazo lingine."

Nikayasema uliyoniambia hospitalini, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Runyankore ili wenzako wasikie. Kwamba Baba alisema kama ulivyosema. Kwamba ulijua kuhusu hati. Sikusema ulijua sana. Nilisema ulijua kidogo, kwa sababu ndivyo ulivyosema.

Mwanao mkubwa alikuja kuninyang'anya kipaza sauti, na mkeo akasimama katikati yetu na vazi lake la msiba. "Wacha yeye. Muzee mwenyewe alimufundisha hivyo." Akaketi tena. Hajaniambia neno lolote tangu siku ile, na sijui kama ataniambia.

Mchungaji hakurudia swali. Baba alipita katikati ya watu wote, akachukua udongo, akakutupia, akasali kimya na kuondoka. Lori lilipokuwa linajaa, mzee mmoja aliyepoteza mashine yake ya kusaga akasogea, akagonga ubao pembeni yake akamwita aje akae. "Papa, kuya ikala huku, fasi iko." Baba akapanda.

Nyumba hazijarudi. Nisikudanganye, hazijarudi, na labda hazitarudi. Ila kuna kitu kimebadilika ambacho kingekuchekesha kama kisingekuwa kinakuhusu. Wenzako wamegundua kwamba hujibu. Kampuni, benki, waheshimiwa, kila anayeulizwa siku hizi anasema ni marehemu, yote yalikuwa ya marehemu. Wamekunyooshea fimbo wewe, kama ulivyomnyooshea Baba.

Sijakusamehe, Afande. Nikiulizwa tena nitajibu hivyo hivyo. Lakini watu wa Juru wamefungua kesi, na mahakama ya Mbarara imekubali kuwasikiliza, na mimi ni shahidi. Nakuahidi nitasema yako yote, na ya wenzako hawatakutwika hata moja nikiwa nimesimama pale. Sitaongeza, sitatoa.

Lala sasa. Koti la Baba nimelifua tena jana na kulipiga pasi, kwa sababu wazee wengi hawatajieleza mahakamani ila kwa lugha ya nyumbani Kongo, na Juru yote imekaa ikamchagua mtu wa kuwatafsiria. Wamemchagua yeye.

Mtoto wako,
Mapendo