Duara la Tatu la Akinyi

Mjukuu wangu Baraka,

Lodwar kunasemaje na joto lake? Huku Parklands babu yako ametoka hospitali, anakula kidogo. Mimi nimechoka, lakini tupo.

Umeniuliza ufanye nini na watoto wanaosoma vizuri kwa sauti bila kuelewa. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa na Akinyi, msichana aliyesoma bila kukwama. Ukimuuliza hadithi inahusu nini, anainamisha kichwa. Mwalimu mkuu alitaka arudie darasa.

Siku moja, nikiwa nimeishiwa maneno, nilichora maduara matatu ubaoni, kila moja na swali lake: ni nani, anafanya nini, kwa nini. Nikayaunganisha kwa mishale, nikampa chaki. Akasoma tena hadithi ya mama aliyemkataza mwanawe kwenda mtoni. Akajaza maduara mawili. Mbele ya la tatu alisimama na chaki mkononi, wenzake wakaanza kucheka. Nikawanyamazisha, nikamsubiri.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "kumbe huyu mama si mkali. Anaogopa."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, hakutaja tena habari ya kurudia.

Kwa hiyo wachoree, Baraka, kisha uwape chaki na usubiri. Kuchora si kazi. Kusubiri ndiko kunakochosha.

Nyanya yako