Picha ya Nabor

Fresno, 6 Oktoba

Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Huku sote wazima, kazi ya zabibu imeisha, mgongo tu ndio unalalamika.

Mama, mwaka huu mweke Nabor kwenye ofrenda. Tangu kaka aingie lile jangwa la mpakani akija huku Marekani, huu ni mwaka wa tatu, hakuna simu, hakuna salamu. Siku ya Wafu, wenzake wote wanarudi nyumbani kula, yeye hana meza. Silali nikimfikiria. Weka picha yake karibu na ya Baba.

Binti yako, Maricruz

Tzintzuntzan, 11 Oktoba

Marahaba mwanangu. Goti ni lile lile, nitazikwa nalo.

Hivi unajua unachoniambia? Ofrenda ni meza ya waliokufa. Picha ya mtu aliye hai haikai pale hata kwa bahati mbaya. Nikimweka Nabor kumbe yu hai mahali, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Wewe ukae hukohuko na zabibu zako, unizikie mwanangu kwa ujumbe wa simu! Koma kabisa.

Mama yako

Fresno, 29 Oktoba

Shikamoo Mama. Najua umeninunia. Hata mimi nilikasirika.

Lakini nimeshafanya. Nimetandika meza jikoni: mishumaa, mkate, maua ya dukani yasiyo hata na harufu, na picha yake ya kipaimara, ile ambayo anacheka. Mume wangu anasema niitoe, wewe ukijua utalia. Kila nikipita naishika niitoe, mkono unakataa. Ukiniambia niitoe, nitaitoa. Ila sema kitu, Mama. Nazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Binti yako, Maricruz

Tzintzuntzan, 1 Novemba

Mwanangu, sijambo kidogo. Wewe je, umelala?

Leo nimepanga ofrenda ya baba yako, nikaacha nafasi pembeni. Kutwa nzima naiendea ile nafasi. Nimeipangusa, nimehamishia mkate pale, nimeurudisha. Picha ninayo mfukoni mwa aproni. Nimeshindwa, Maricruz. Mimi ndiye niliyemzaa, siwezi.

Basi mwache huko kwako. Mkate uwe na sukari juu, mkavu yeye huwa hali. Pilipili usimtilie kali, tumbo lake unalijua. Na maji, mwanangu, glasi haitamtosha. Mwekee jagi zima. Katoka jangwani.

Mama yenu