Kidole cha Mama Wafula

Jumatatu, 8 Mei 1995
Mvua tangu alfajiri. Viatu vimebeba tope lote la Kaloleni, lakini nani ataangalia viatu vya mtu mwenye bahati kama yangu? Kidato cha pili sikumaliza, na leo muhuri wa wakili uko mikononi mwangu. Yeye akienda korti ya Makadara, ananiachia mimi karani wake ofisi nzima. Meza, droo, muhuri. Hati ya kiapo bila muhuri huo ni karatasi ya kufungia maandazi. Mtaani wananiita Jaji. Sijawakataza.

Jioni nimekula kwa Mama Wafula, jirani yangu, mjane. Ugali na mrenda. Nikamsimulia mwizi wa kuku aliyemwomba hakimu amrudishie kuku wake. Amecheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 10 Mei
Wakili kortini. Mimi bosi.

Wafula, mtoto wa Mama, ameingia na soda mbili. Nikajua kuna jambo. Wafula ni mkono wa birika, hata salamu anatoa nusu.

Ametoa hati ya kiapo, imeshapigwa taipu. Mama yake anaapa kwamba anaiacha nyumba ya baraza la jiji kwa hiari yake, iandikwe jina la Wafula, naye anarudi Bungoma. Chini, alama ya kidole. Nikauliza cha nani. "Cha mama." Nikakiangalia kidole gumba chake Wafula. Cheusi kwa wino.

"Gonga tu muhuri, Jaji. Ni sekunde moja."

Anataka kuwapangisha wauza mitumba wa soko la Gikomba waweke marobota yao humo. Mama atalala wapi, hilo halimo kwenye karatasi.

Nimekataa. Nimemwambia anayeapa aje mwenyewe, aape mbele ya wakili. Akasema ofisi nyingine hazina maringo. Kweli, zipo, lakini zinataka kitu kidogo, na Wafula tunamjua. Soda niliimaliza. Kukataa muhuri si kukataa soda.

Alhamisi, 11 Mei
Nimemweleza wakili. Hakupandisha sauti. Amesema mama akija atamsomea kila neno, na asipokuja hakuna muhuri. Halafu akaninyooshea kalamu: yaliyosemwa ofisini yanabaki ofisini. Hata kama mtu tumemkataa. Hata kama ni jirani. Nikifungua mdomo, sina kazi.

Mimi. Mdomo wa Kaloleni.

Jioni kwa Mama nimekula bila hadithi. Amenigusa paji la uso, akadhani ni malaria. Amenionyesha sukuma aliyopanda nyuma ya nyumba, na pazia jipya. Marehemu mzee alipewa nyumba hii akifanya kazi reli, watoto wote wamezaliwa hapo. Nimejisikia vibaya kabisa. Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza pamoja na ugali.

Ijumaa, 12 Mei
Mambo yameharibika. Mama ana furaha. Jumatatu Wafula anamleta ofisini kwetu kuweka kidole kwenye karatasi ya maji, wapate mfereji ndani ya nyumba. Anamsifu mwanawe mlango kwa mlango.

Nimepaliwa na chai.

Nikasema moja tu: "Mama, kwa wakili usikubali kitu hakijasomwa mpaka nukta ya mwisho." Hiyo si kutoa siri. Hiyo ni adabu. Naomba iwe adabu.

Jumapili, 14 Mei
Sijalala vizuri. Kanisani nimeimba vibaya kuliko kawaida, na kawaida yangu inajulikana.

Jumatatu, 15 Mei
Wamekuja. Mama na kitambaa chake cha kanisa, Wafula na shati jeupe. Karatasi mpya, mahali pa kidole pako wazi. Wakili ameshavaa koti, kesi yake inaitwa. Wafula akaona mwanya.

"Mkubwa, usichelewe korti kwa sababu yetu. Ni kidole tu."

Mama, kwa hamu ya maji, kidole ameshakichovya kwenye wino.

Wakili akavua koti. Akaketi. Akasoma kwa Kiswahili, polepole, kama anasomea darasa la kwanza. Alipofika "naiacha nyumba," kidole cha Mama kikasimama hewani. Nilisikia mvua kwenye mabati.

"Na maji yako wapi hapo?" Mama akauliza.

"Hakuna maji, mama."

Akamgeukia mwanawe. Akamvuta karibu kwa kola. Akafuta kidole kwenye lile shati jeupe, taratibu, juu mpaka chini, kama anampangusa mtoto kamasi.

"Shati hili utafua mwenyewe. Mfereji wa nje unaujua."

Wakaondoka. Nikaingia chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Nimecheka huko mpaka wakili akanipiga teke dogo. Yeye pia alikuwa anacheka.

Jumanne, 16 Mei
Mvua imekatika. Shati liko kwenye kamba, doa halijatoka.

Nimekula kwa Mama. Wafula alikuwepo, ameketi karibu na mlango. Mama amemwongezea nyama. Mimi ameniongezea zaidi. Amejua kwamba Wafula alikuja kwangu kwanza nikamkataa, mwanawe mwenyewe amemwambia. Majirani wamepita kunipa mkono. Jaji aliyekataa kugonga muhuri. Nimepokea mikono yote.

Daftari hili hakuna anayelisoma. Muhuri sijawahi kuachiwa. Wakili hufunga droo na kuondoka na ufunguo. Wafula aliponiambia nigonge, akageuka kufungua soda, niliivuta droo kabla ya kusema hapana. Ilikuwa imefungwa.