Nyama ya Ambrose kwenye Kamba ya Nguo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rose Adero Osewe
Umri: miaka 58
Kazi: muuza omena (dagaa)
Makao: Soweto West, Kibera

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, mjukuu mgongoni. Sikuitwa na mtu. Binti yangu Mitchelle Amondi yuko seli tangu jana kwa sababu mumewe, Ambrose Wangila, amesema aliiba nyama yake. Amondi hakuigusa nyama hiyo. Niliyeigusa ni mimi, na Ambrose anajua.

Mnamo tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi hivi, nilifika nyumbani kwao Kawangware 46. Mtoto alikuwa na homa. Amondi alikuwa amepata kibarua cha kufua nguo, akaniomba nikae na mtoto hadi jioni. Mumewe alikuwa kazini, anapika katika hoteli moja. La sivyo nisingekanyaga pale. Yeye ni Mbukusu, na kwao mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Tangu amwoe binti yangu hajawahi kunisemesha.

Nilifungua friji nikitafuta maziwa. Rafu ya chini nikaona donge la nyama ya ng'ombe, kubwa kama mtoto mchanga, ndani ya mfuko ulionata juu yake bila hewa hata kidogo. Nje ilikuwa nyeusi na ngumu. Mimi ni Mjaluo, nyama kavu naijua. Sisi huianika juani ikakauka tukaiweka, tunaiita aliya. Lakini aliya hukatwa vipande, haikaushwi ikiwa donge, tena kwenye friji. Nilicheka. Nikasema mkwe wangu anajaribu chakula chetu na hajui, wacha nimsaidie.

Nilipasua mfuko kwa kisu. Ndani nyama ilikuwa bado nyekundu. Niliikata yote vipande vyembamba, nikatia chumvi, nikaianika kwenye kamba ya nguo uani, nikaketi kwenye stuli nikifukuza nzi. Kipande kimoja nilimchemshia mtoto supu, akanywa. Jirani yao Sella aliniona, muulizeni.

Mchana Ambrose alirudi ghafla. Aliingia langoni, akaona kamba, kisha akaniona mimi. Alifunika uso kwa mkono, akageuka, akaenda. Nilidhani ni heshima.

Jioni Amondi aliporudi, kabla hajavua viatu, polisi wawili waliingia. Ambrose alibaki nje ya lango. Ndipo nikasikia kwamba nyama ile alikuwa akiizeesha makusudi, ilainike na kukolea ladha, karibu mwezi mzima kwenye mfuko maalumu, ili wenye hoteli waionje Jumapili wampe kazi ya mpishi mkuu. Mimi sikuelezwa. Niliwaambia polisi aliyeikata ni mimi. Mmoja akasema, "Mathe, mlalamishi ametaja bibi yake, si wewe." Binti yangu alipandishwa gari huku akinitazama.

Nina hasira, na afande aandike hivyo. Nimemharibia nyama na pengine kazi pia, hilo nakubali. Lakini aliniona kwa macho yake. Kwa kuwa desturi haimruhusu kumgombeza mama mkwe, alitafuta mwingine wa kufungwa badala yangu. Asante ya punda ni mateke, nayo yamempata mtoto wangu. Heshima ya namna hiyo siitaki. Yuko hapo nje kwenye benchi. Aitwe aingie, anitazame usoni, aniite mwizi. Kisha mnifunge mimi.

Hayo ndiyo niliyokuja kusema. Nimesomewa yote, na ni sawa.

Sahihi: R. A. Osewe

MAANDISHI YA AFISA

Nimeandika maelezo haya tarehe 7 Machi 2025. Mlalamishi aliitwa, akasimama mlangoni akiutazama ukuta, akakataa kuingia. Nilimuuliza nani alikata nyama. Akasema, "Huyo siwezi kumtaja, afande." Nilimuuliza kama alimwona mkewe akiigusa. Alisema hapana.

Mitchelle Amondi ameachiliwa. Mumewe alimwambia waende nyumbani. Amondi alimchukua mtoto mgongoni mwa mama yake, na alipompita mumewe pale mlangoni, alifunika uso kwa mkono. Ameelekea Kibera na mama yake.

Konstebo D. Musau