Ukwaju Ndani ya Chupa ya Chai

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, wifi na watoto ni wazima, na kwamba lile bega lako limepoa, maana kuendesha lori na bega bovu si mchezo. Sisi huku tunaendelea. Sisemi hatujambo, kwa sababu nitakuwa nimeianza barua kwa uongo.

Mama alilazwa. Usishtuke, ametoka juzi, anakula na kugomba kama kawaida yake. Lakini kaka, nina dukuduku, na leo nalitoa lote.

Unaukumbuka ule ujumbe wa sauti uliomtumia, wa kuusifia ukwaju? Kwamba una madini ya chuma, kalsiamu, magnesi na potasiamu tele, una vitamini, unampa mtu nguvu? Mama aliusikiliza mpaka nikaukariri mimi. Kila mgeni aliyeketi sebuleni alisikilizishwa, hata fundi bomba aliyekuja kwa ajili ya sinki linalovuja.

Nilikuwa nimeshamwambia. Tangu figo zake zianze kuchoka, daktari alimtaka apunguze vyakula vyenye potasiamu nyingi, na ukwaju ulitajwa kwa jina. Nilipomkumbusha, alinitazama kana kwamba nimemnyima maji. Akasema, "Mwenzio yuko mbali lakini ananitafutia uzima. Wewe uko hapa, kazi yako kunikataza."

Kaka, neno hilo liliniingia. Mimi ninayempa dawa zake, ninayeacha nguo za watu mezani ili nikamkande miguu, ndiye mkatazaji. Wewe unabonyeza simu tu, tayari umekuwa mganga.

Basi nikautoa ukwaju wote jikoni, nikadhani yamekwisha. Kumbe alimwagiza jirani sokoni. Akawa anauloweka chumbani kwake, anauchuja, anautia kwenye chupa ya chai. Nami nikipita nikamwona anamimina kikombe, nafurahi kwamba mama siku hizi chai inampanda. Mjinga ni mimi.

Jumatatu asubuhi nikamsikia ananiita kwa sauti ndogo. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haimtii. Akaniambia moyo wake unaruka, unasita, unaruka tena. Nilimpigia fundi bomba, maana ndiye mwenye gari hapa jirani, tukampakia pamoja na mabomba yake na kukimbilia hospitali. Walimbandika nyaya kifuani, wakatazama mapigo ya moyo, wakamchoma sindano kabla hata majibu ya damu hayajatoka. Nilisimama ukutani muda wote huo na kipande cha uzi mdomoni. Nilisahau kukitema.

Potasiamu ilikuwa imepanda hadi kuuvuruga moyo. Mama akajitetea kwamba mbegu na makapi alitupa, alikunywa maji yake tu. Mtaalamu wa lishe, binti mpole sana, akamweleza kwamba madini yenyewe huyeyukia humo humo kwenye maji. Hakuutukana ukwaju. Alisema ni tunda jema, lina sukari nyingi kuliko ulimi unavyotuambia, kwa sababu asidi yake, ile wanayoiita tartariki, inaifunika. Hata vitamini C, ambayo sote tunaidhania ipo kwa wingi kwa vile tunda ni kali, ni kidogo tu.

Kisha akamshika mkono, akamwambia, "Mama, mengi aliyoyasema mwanao ni kweli. Ila ni kwa mtu mwenye figo nzima. Zako haziwezi kuitoa hiyo potasiamu, inabaki kwenye damu."

Mama akageukia ukuta.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako, kaka, nusura imwue mama. Najua ulifanya kwa mapenzi, wala sina shaka na hilo. Lakini nimechoka. Nimechoka kubishana na sauti iliyomo kwenye simu, sauti isiyochoka wala kukosea, ambayo haijawahi kumwosha mtu mgongo.

Kabla hujamtumia dawa nyingine yoyote, niulize mimi kwanza. Na mpigie, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe aache. Mimi nikisema, naonekana namwonea.

Ila usimwambie kwamba nimekuandikia; sema umesikia mwenyewe kwamba ukwaju haufai kwa wenye figo mbovu. Alipopata nafuu kidogo, nyaya zikiwa bado kifuani, nilimwinamia nikidhani anataka maji. Akaninong'oneza, "Usimwambie kaka yako. Atajilaumu, naye yuko barabarani." Nikaitikia. Halafu nikatoka nje nikalia, na mpaka leo sijui kilikuwa kilio cha hasira au cha wivu.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Baba mdogo anakusalimu, naye fundi bomba anauliza utakuja lini. Mungu akulinde kila kona ya njia, akufikishe salama kwa wanaokusubiri, nasi tukiwemo.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na hasira zangu zote,

Fundi cherehani wenu