Miwa Anayonimenyea Baba Yako

Mumias,
Jumapili baada ya kanisa

Mpendwa binti yangu Gentrix,

Salamu nyingi kwako, mama, na kwa mkwe wangu Barnaba. Natumaini mahindi yenu huko Lumakanda yamekubali. Msalimie Nabwire, umwambie nyanya yake bado anamwekea yule kuku mweupe. Na Clifford mdogo, kile kikohozi kiliisha? Hapa baba yako ni mzima, ila masikio tu. Shangazi yako Navalayo ni mzima, ndiye anakuletea barua hii. Ndama pia mzima, kuliko sisi wote. Mimi niko, uvimbe wa koo haujarudi, Mungu asifiwe.

Usishtuke kuona barua. Simu yetu ni moja, na baba yako huiweka sauti ya juu ndio asikie. Haya singeweza kuyasema kwenye simu.

Unajua tangu nimalize kuchomwa ile miale ya koo hospitalini, mdomo wangu ulikauka. Hata ugali, obusuma yetu, haishuki bila mchuzi. Baba yako alipoona nikihangaika, alikataa safu moja ya miwa nyuma ya jikoni isikatwe kupelekwa kiwandani. Kila asubuhi ananimenyea, anakata vipande vidogo, anafunika bakuli nzi wasiingie. Nikawa nafyonzanga kutwa nzima, hata kanisani, mpaka akina mama wakasema Edah amerudi utotoni. Naye hujisifu kwa watu: "Hospitali ilimkausha, mimi nammwagilia."

Sasa meno. Yalianza kuwa kahawia karibu na ufizi, halafu jino la mbele likakatika nikila ndizi. Ndizi, mama! Halikuuma hata. Nikaenda kwa daktari wa meno, msichana wa rika lako, mpole. Akanieleza kwamba miale ilikausha pale mate yanapotoka, na mate ndiyo hulinda meno. Bila mate, sukari inakaa pale pale na kulila jino. Akaniuliza ni kitu gani kitamu nakula. Nikamwambia. Akasema miwa iishe leo, niwe napiga maji funda kidogo kidogo, na akanipa dawa ya kupaka meno. Tena akanionya sana mtu asining'oe jino bila wao kuangalia taya, maana mfupa uliopitiwa na miale unaweza kukataa kupona.

Niliporudi, baba yako alikuwa mlangoni na bakuli. Sikuweza, Gentrix. Nikasema daktari amesema ni uzee.

Tangu siku hiyo bakuli napokea, nashukuru, halafu namwagia ndama. Amenona mpaka watu wanauliza. Lakini jana nimemkuta baba yako akikata mbegu za miwa za kupanda safu ya pili, anaimba, anasema hamu yangu imerudi. Na jino lingine likilegea, anataka kumwita Osiako, yule mng'oa meno wa sokoni, na koleo lake.

Mpigie wewe, anakusikiliza. Hiyo ya koleo mwambie wazi, asithubutu. Ya miwa, mwambie tu umesikia waliochomwa miale wanafaa kuletewa maji badala ya miwa na mtu wa nyumbani, kwa bakuli, kila asubuhi. Kilichoharibu meno usimwambie. Nataka aendelee kuja mlangoni.

Wasalimie wote hapo, na majirani wanaoniulizia. Nijibu upesi, mama. Mvua ikinyesha tu, atapanda.

Mama yako,
Edah