Kilele cha Juu ya Ziwa

Lizaboni, Songea

Mpwa wangu Dorine,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Jumamosi niliwapandisha wageni watatu mlimani, juu ya Ziwa Nyasa. Niliwaacha nyuma mpaka nikalala na kuota ndoto mbili. Pale kileleni tunavua kofia na kuuamkia mlima, ndivyo alivyotufundisha babu yako. Kimya chake, mwanangu! Ziwa lote liko chini yako, na tai akipita unasikia mbawa.

Sasa hili usimwambie mama yako. Nilipiga magoti kuamkia, miguu ikakataa kuinuka. Wageni walewale wakanishusha. Daktari anasema ni moyo, nisipande tena peke yangu.

Njoo kabla ya mvua tupande wote. Utatangulia wewe.

Mjomba wako,
Hironimus